Maswali yenu: IRA ilishinda au ilishindwa?

Wiki iliyopita niliandika sentensi moja tu, kwamba IRA, jeshi la siri lililopigania Ireland moja isiyo chini ya Uingereza, haikushinda vita vyake Ireland Kaskazini, mkanijia juu. Nashukuru. Nimechagua maswali matano. La pili nitakaa nalo zaidi, kwa sababu ndilo linaloniuma.

Ireland si ilishapata uhuru zamani? Hawa walikuwa wanapigania nini tena? (Msomaji, Dodoma)

Ilipata, lakini si yote. Baada ya vita vya 1919 hadi 1921, kaunti 26 zilijitawala, na 6 za kaskazini zikabaki chini ya Uingereza, kwani Waprotestanti waliokuwa wengi huko walitaka hivyo. Wakatoliki waliobaki humo walibaguliwa katika nyumba, kazi na hata kura za mitaa. Walipoandamana kudai haki mwishoni mwa miaka ya 1960, walipigwa virungu. Agosti 1969 nyumba zao zilichomwa Belfast na jeshi la Uingereza likaingia mitaani. Desemba mwaka huohuo IRA iligawanyika, na tawi la Provisional ndilo lililoendesha vita vilivyofuata. Kufikia 1998 watu takriban 3,500 walikuwa wameuawa, na pande zote zilikuwa na damu mikononi.

Kama hawakushinda, mbona Sinn Féin ndio wanaoongoza serikali Belfast? (Msomaji, Mombasa)

Hapa ndipo simulizi zinapogongana. Sinn Féin, chama kilichokwenda bega kwa bega na IRA, kinasema bunduki ndiyo iliyomlazimisha Mwingereza kukaa mezani. Michelle O'Neill, Waziri Kiongozi tangu Februari 2024, amewahi kusema kwamba wakati ule hapakuwa na njia nyingine. Wapiganaji waliojitenga wanasema kinyume kabisa: tuliapa kuiunganisha Ireland, viongozi wetu wakaishia kuwa mawaziri ndani ya dola ileile tuliyoipiga. Brendan Hughes, aliyekuwa kamanda Belfast, alikufa 2008 akiwa na uchungu huo.

Wa tatu ni John Hume na chama chake cha SDLP, Wakatoliki waliotaka Ireland moja bila kumwaga damu. Wao wanasema njia ilikuwepo siku zote. Mwaka 1973, pale Sunningdale, palikubaliwa Wakatoliki na Waprotestanti wagawane madaraka, na pawepo baraza la kuunganisha kaskazini na kusini. IRA iliukataa mpango ule, ingawa waliouvunja ni Waprotestanti kwa mgomo wao wa Mei 1974. Seamus Mallon, naibu wa Hume, aliuita Mkataba wa Ijumaa Kuu wa 1998, ule wa kumaliza vita, kuwa ni Sunningdale ya wanafunzi wazito wa kuelewa.

Mimi nasimama karibu na Hume. Mkataba wa 1998 ulileta mengi ambayo 1973 hayakuwemo: wafungwa waliachiwa, polisi wakaundwa upya. Lakini kiini chake ni kwamba Ireland Kaskazini itabaki Uingereza mpaka wengi wa wakazi wake waamue vingine kwa kura. Hilo ndilo IRA ililolipinga kwa mabomu zaidi ya miaka 25.

Tazameni pia 1981. Bobby Sands, mpiganaji wa IRA, alichaguliwa mbunge akiwa gerezani katika mgomo wa kula, akafa siku ya 66. Wenzake 9 walimfuata. Kura zile ndizo zilizowaonyesha Sinn Féin nguvu ya sanduku, na sanduku ndilo lililowafikisha walipo.

Ni kweli Mwingereza alitumia huko mbinu alizozizoea kwetu wakati wa Mau Mau? (Msomaji, Nakuru)

Kwa sehemu, ndiyo. Frank Kitson, ofisa aliyeunda magenge bandia ya kuwawinda Mau Mau, alikuwa kamanda wa brigedi Belfast mwaka 1970 hadi 1972. Askari waliovaa kiraia wakaanza kuzunguka mitaani. Ndiyo maana siikubali ile simulizi ya nne, ya serikali ya London, kwamba jeshi lilikuwa mwamuzi tu kati ya makabila mawili. Tarehe 30 Januari 1972 askari waliwapiga risasi waandamanaji mjini Derry, wakafa 13 siku ileile na mmoja baadaye. Uchunguzi wa kwanza uliwasafisha askari. Ilichukua hadi 2010 kwa uchunguzi wa pili kutamka kwamba waliouawa hawakuwa tishio kwa yeyote, na waziri mkuu David Cameron akaomba radhi bungeni. Vijana wangapi walikimbilia IRA kwa sababu ya siku ile!

Silaha za IRA zilikwenda wapi? (Msomaji, Bujumbura)

Mwaka 2000 walioingizwa kwenye maghala ya siri kuyakagua ni Martti Ahtisaari wa Finland na Cyril Ramaphosa, ambaye leo ni rais wa Afrika Kusini. Septemba 2005 jenerali wa Kanada, John de Chastelain, alitangaza kwamba silaha zote zimeharibiwa.

Na wale waliouawa na IRA yenyewe, nani anawasemea? (Msomaji, Muscat)

Wachache mno. Desemba 1972 IRA ilimchukua mjane mmoja mbele ya wanawe, kwenye maghorofa ya Divis, Belfast. Alikuwa na watoto 10. Walidai ni mpasha habari wa jeshi. Ofisi inayochunguza polisi ilisema 2006 kwamba haikuona ushahidi wowote. Mwili ulipatikana 2003, kwenye mchanga wa ufuo katika kaunti ya Louth. Watoto walimtambua kwa pini ya nepi aliyozoea kuibana kwenye nguo yake.

Wengine waliotoweshwa hivyo hawajapatikana. Yuko kijana aliyechukuliwa 1975. Kinamasi cha Monaghan kimechimbwa mara kadhaa kumtafuta, na ndugu zake bado wanangoja waitwe kwenda kumzika.