Wakili wa bure kwa aliyekamatwa: Ijumaa hadi Jumatatu

Ndugu, umeuliza mdogo wako aliyeshikwa Nakuru jana Ijumaa jioni atafikiwa lini na "wakili wa serikali". Mimi si mwanasheria, ni fundi wa kuchomelea hapa Kisumu, lakini njia hiyo nimeipita na mtoto wa shangazi yangu.

Kwanza hilo jina liache. Kortini wakili wa serikali ni yule anayekushtaki. Unayemtafuta wewe ni wa kumtetea, na ukweli ni kwamba wikendi hii hatakuja mwenyewe. Kifungu cha 49 cha Katiba ya Kenya kinampa mdogo wako haki ya kunyamaza na kuwasiliana na wakili tangu anaposhikwa. Wakili anayelipwa na serikali yuko kifungu cha 50, kwenye kesi, tena pale ambapo akikosekana haki itaumia vibaya. Wenye kesi za mauaji hupewa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 ilileta huduma ya kitaifa kwa wasiojiweza, lakini ofisi za serikali Jumamosi unazijua. Yaani simu unaruhusiwa kupiga, wa kupigiwa ndiye hayupo.

Huyo mtoto wa shangazi yangu ni wa bodaboda. Alibeba abiria na mtungi wa gesi, wakasimamishwa njiani, abiria akaruka akatoroka, mtungi ukabaki kwenye pikipiki. Akaandikwa kwa kupatikana na mali ya wizi. Ilikuwa Ijumaa kama kwako: saa 24 zinaisha Jumamosi jioni korti imefungwa, kwa hiyo sheria inawaruhusu polisi hadi Jumatatu.

Kituo sikitaji. Askari mmoja, kwa upole kabisa, alimwambia: "Kijana, Jumatatu wewe kubali tu, utapigwa faini kidogo uende nyumbani." Ule upole ndio uliotaka kutumaliza. Kosa hilo kifungo chake kinaweza kufika miaka 14, na kijana hakuwa anajua.

Jumapili nilimpelekea chai na sweta, nikaenda na dada mmoja wa kanisani kwetu aliyefunzwa kazi ya msaidizi wa kisheria. Tulipewa kama dakika tano kwenye kaunta. Hakuhutubu. Alimwuliza kama ametia sahihi mahali popote (bado), akamwambia asitie kwenye karatasi asiyoielewa, na kwamba kukiri kosa hakufanywi mbele ya mpelelezi wa kesi yake mwenyewe: lazima awe hakimu, jaji, au afisa mwingine wa polisi mwenye cheo kinachotakiwa na sheria, na mtu anayemchagua yeye akiwa hapo. Kisha akamalizia: "Kortini maelezo ya jinsi kosa linavyodaiwa kutendeka yatasomwa. Sikiliza kila neno. Lisilo kweli, likatae."

Jumatatu karani akasoma shtaka kwa Dholuo. Kijana, kwa woga, akasema "Adier", ni kweli! Nilihisi miguu imeisha nguvu. Kiongozi wa mashtaka akaanza kusoma maelezo, akafika pale panaposema alijua mtungi umeibwa. Hapo kijana akainua mkono: "Mtungi ni wa abiria. Mimi nilikuwa nimebeba mtu." Hakimu akaweka kalamu chini, akamwuliza tena polepole, akaandika kwamba amekana. Baadaye nikaambiwa huo ndio utaratibu tangu uamuzi wa mahakama ya rufaa kwenye kesi ya Adan ya 1973: ukipinga maelezo, kule kukubali kwako kunaondolewa. Akapewa dhamana siku hiyohiyo. Kesi ilivuta miezi saba, mlalamishi akaacha kuja, ikaondolewa.

Sasa wewe. Nenda leo, chukua namba ya OB (kitabu cha matukio cha kituo) na jina la mpelelezi. Uliza bondi ya polisi, yaani aachiliwe kwa ahadi ya maandishi kwamba atafika kortini. Bondi hailipiwi, na wakitaka dhamana ya pesa taslimu wakupe risiti. Kama kosa ni la faini tu au kifungo kisichozidi miezi sita, Katiba inasema asiwekwe rumande. Kama ana chini ya miaka 18, sema mapema na ubebe cheti cha kuzaliwa. Na kabla hujaondoka kaunta mwambie mdogo wako kwa lugha anayoielewa vizuri zaidi asikubali kitu ili tu arudi nyumbani. Jumatatu fika mapema, karani wa mahakama atakuambia kesi iko korti namba ngapi.