Wa tisa, lakini amepanda

Mama mmoja ameniandikia kwamba mwanawe wa sekondari ya juu ameshuka kutoka nafasi ya 4 hadi ya 9, na simu imeshafungiwa kabatini. Ripoti aliyoambatisha inasema jingine. Muhula uliopita kijana alipata jumla ya 488 katika masomo 8, wastani 61. Safari hii ana 528, wastani 66. Amepanda, wenzake wamepanda zaidi. Wa 4 ana 538, yaani kati yao kuna alama 10, moja na robo kwa kila somo. Kwa pengo hilo mtoto anaadhibiwa!

Alama nazo hudanganya, maana mitihani hailingani ugumu. Kwa hiyo andika wastani wa darasa kando ya kila somo. Hisabati ana 54, darasa lina 41. Historia ana 72, darasa lina 75. Ile 54 inayomtia aibu ndiyo kazi nzuri, na 72 ndiyo ya kuangaliwa. Nafasi ya jumla imeyafunika yote mawili.

Kisha itoeni karatasi yenyewe ya majibu, msiishie kwenye ripoti. Hesabuni alama zilizopotea na sababu yake. Katika hisabati zimepotea 46: 18 kwa maswali yasiyoguswa, 12 kwa kuruka njia na kuandika jibu tupu, 5 kwa kusahau vipimo, 11 kwa mada asiyoijua. Wengi hukimbilia kusoma mada upya, na hapa zingeokoka 11 tu. Zile 18 ni za saa. Mtihani wa alama 100 kwa dakika 150 unatoa dakika moja na nusu kwa alama; swali la alama 8 lina dakika 12, zikiisha aache nafasi aende mbele. Zile 12 zinaokolewa na kuandika kila hatua, kwa kuwa msahihishaji hutoa alama za njia hata jibu likikosewa.

Nafasi ina siku yake, pale chuo au ufadhili unapochukua wa juu tu. Hapo ulizeni ni ya 9 kati ya wangapi: kati ya 45 yumo katika asilimia 20 ya juu, kati ya 12 yuko karibu na mkia. Na wawili wakifungana nafasi ya 3, anayefuata kwa kawaida huandikwa wa 5, hata kama amepitwa kwa alama moja.

Simu mrudishie, mama. Anaihitaji kupimia zile dakika 12.