Usichomeke flopi kabla ya kuitazama

Wadogo zangu mnaoanza kukusanya kompyuta za zamani hapa Mtwara, nianze na aibu yangu. Mzee mmoja wa Shangani alinipa boksi la flopi za inchi 3.5, zile diski za zamani za kuhifadhia mafaili ya kompyuta, zilizolala stoo miaka na miaka. Nikachomeka ya kwanza papo hapo. Ikakwaruza kama kijiko kinachokwangua ukoko. Nikaitoa, nikaweka ya pili, nayo ikakwaruza. Ya tatu vilevile. Uchafu wa ile ya kwanza ulikuwa umeganda kwenye kichwa cha kusomea, ukazichuna zilizofuata. Moja ilikuwa na hesabu zake za korosho. Nilirudi kwake mikono mitupu.

Siku hizi nasogeza kibati kinachofunika diski, nazungusha kitovu cha chuma polepole, naitazama diski kwenye mwanga wa dirisha. Madoa meupe kama unga wa muhogo ni ukungu, na unyevu wetu huu wa pwani ndio chakula chake. Safisha kwa kijiti cha pamba na alkoholi ya isopropili, kisha safisha na kichwa cha draivu. Kabla ya kusoma, ilinde isiandikwe: kwenye inchi 3.5 acha wazi lile tundu la kona lenye kifuniko cha kusogeza. Zile za inchi 5.25 ni kinyume, pengo lao linazibwa. Wengi hupotea hapo. Kisha nakili zote. Flopi ya HD, yaani ile ya ujazo mkubwa, ni MB 1.44 tu, flashi haitahisi chochote.

Kompyuta zenyewe huku ni za kutafuta kwa tochi. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuziingiza nchini, na chache nilizokutana nazo zililetwa na watu waliosoma nje. Ukibahatika kupata Commodore 64, kompyuta ya nyumbani iliyotoka 1982, shika mita ya kupimia umeme kwanza. Pawasaplai yake ya asili ikizeeka inaweza kupandisha ile njia ya volti 5 na kuunguza chipu. Na ikiwa imetoka Marekani, ilitengenezewa volti 120. Soketi yako ina 230.

Majarida ya enzi hizo msiyafungie vitumbua! Zile kurasa zilizojaa namba ni programu za BASIC, lugha ya kuandikia programu, wasomaji walizichapa kwenye kompyuta zao mstari kwa mstari. Nilichapa moja jioni mbili, ikagoma. Nilikuwa nimeweka herufi O penye sifuri, mstari wa 340.