Funga Laini Kabla ya Kununua Antivairasi

Wateja wa saiba yangu hapa Nakuru wakisikia usalama wa mtandaoni, huuliza antivairasi ni pesa ngapi. Mimi huwauliza: laini yako umeifunga isihamishiwe kadi ya mtu mwingine? Maana kwetu namba ya simu ndiyo M-Pesa, ndiyo benki, ndiyo inayopokea misimbo ya kuingilia akaunti nyingine. Mwizi akiishika hiyo, mengine ni mteremko.

Tapeli hutafuta jina lako na namba ya kitambulisho, kisha hujifanya wewe na kuomba laini ihamishiwe kadi aliyo nayo. Dalili ni simu kupoteza mtandao ghafla ilhali ya jirani, wa kampuni hiyo hiyo, inashika vizuri. Usikae ukizima na kuwasha. Azima simu, pigia kampuni na benki hapo hapo. Wa Safaricom wabonyeze *100*100# ili laini isibadilishwe bila wao kufika dukani. *106# nayo huonyesha laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na wapo wanaokuta namba wasizozijua kabisa.

Kitambulisho chenyewe tapeli hukitoa wapi? Wakati mwingine saibani. Jioni nikifunga hukuta barua pepe ya mtu iko wazi, na kwenye mashine kuna nakala ya kitambulisho, cheti cha KRA na barua ya kuomba kazi. Toka kwenye akaunti, futa faili, mwaga na pipa la taka la kompyuta (Recycle Bin). Barua pepe iwekee uthibitisho wa hatua mbili, yaani msimbo wa ziada baada ya nywila, ikiwezekana kwa programu ya misimbo badala ya SMS, kwani kupitia barua pepe ndiko nywila zako nyingine hubadilishwa.

Juzi mkulima wa viazi kutoka Molo aliniletea simu yake. Ujumbe ulisema amepokea 4,500, na kijana alikuwa akimpigia kwa kilio: “Mzee, hiyo ni karo ya mtoto, nirudishie.” Nikamwonyesha kwamba ujumbe umetoka kwa namba ya kawaida wala si MPESA, tena salio halijaongezeka hata shilingi. Na hata pesa zikiingia kweli, usizirudishe mwenyewe. Aliyekosea atume ujumbe wake wa M-Pesa kwa namba 456 ya Safaricom, warudishiane kwa utaratibu. Kijana alipoambiwa hivyo alikata simu.

Wenye ofisi na saiba, msizime masasisho ya Windows eti yanamaliza bando. Programu hasidi ya WannaCry ilipofunga kompyuta duniani mwezi Mei 2017 na kudai fidia, Microsoft ilikuwa imetoa kiraka, yaani sasisho la kuziba upenyo huo, tangu Machi. Nakala ya kazi zenu ikae kwenye diski ya nje, tena iliyochomolewa.

Vijana huniuliza waanzie wapi wakitaka kuifanya kazi ya usalama wa mtandaoni. Video za udukuzi zinavutia, lakini nawashauri waanze na mitandao: anwani za IP (namba za mashine mtandaoni), DNS (inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani hizo), jinsi ruta inavyopitisha data. Kisha Linux, mfumo endeshi wa bure, na kusoma kumbukumbu (logi) za seva mpaka wajue siku ya kawaida inafananaje. Mazoezi yafanyieni kwenye mashine zenu. Kuingia kwenye mfumo wa mtu bila idhini, hata “kujaribu tu”, ni kosa chini ya sheria ya Kenya ya makosa ya mtandaoni ya 2018: faini hadi shilingi milioni 5, kifungo hadi miaka 3, au vyote viwili.