Mume Wako Si Mzembe, na Baiskeli Zirudishe

"Shangazi, nimeolewa miaka 14 na tuna wavulana watatu, wa miaka 12, 9 na 6. Tunaishi pembezoni mwa mji, mahali patulivu, ila kwangu hakuna utulivu. Hivi karibuni yule wa kati alivunja dirisha la jirani kwa mpira. Nililipa upesi ili mambo yasikuzwe, lakini mume wangu alipogundua alimpeleka mtoto akaombe radhi, kisha akamtaka afagie ua wa jirani kila Jumamosi kwa mwezi mzima. Niliona ni kumdhalilisha. Baadaye mtoto huyo huyo akaanguka na baiskeli na kuvunjika mkono. Baba yake, mzembe wa kupindukia, alilala naye hospitalini, lakini anasema plasta ikitoka tu ataendesha tena. Mama mkwe naye ananiambia mtoto akililia wembe, mpe. Nimezifungia baiskeli zote stoo. Afadhali mkubwa, yeye hanisumbui, hushinda chumbani na simu yake. Nimfanyeje mwanamume huyu? Mama Wavulana."

Mama Wavulana, pole kwa mkono wa mtoto na kwa hofu uliyoipata. Pole hiyo inatosha, kwa sababu umeandika ili nimhukumu mume wako, nami kila ninapoirudia barua yako namwona baba anayelea.

Unamwita mzembe, na papo hapo unaniambia kwamba ndiye aliyelala hospitalini na mtoto. Mzembe hakeshi wodini. Tena unasema ulilipa dirisha "ili mambo yasikuzwe", na kwamba mumeo "alipogundua" ndipo alipochukua hatua, maana yake wewe hukumwambia. Mwanao alivunja kioo, akamwona mama yake akitoa fedha kimyakimya, akajifunza kwamba makosa yake yatalipiwa na mtu mwingine na kwamba baba hapaswi kujua. Huko ndiko kumharibu mtoto, binti yangu, ingawa ulifanya kwa mapenzi. Mficha maradhi, kilio humfichua, na mvulana aliyezoea kufichiwa kioo akiwa na miaka 9 atataka kufichiwa makubwa zaidi akiota ndevu.

Baba yake hakumchapa wala hakumtukana. Alimsimamisha mbele ya mtu aliyemkosea, akamwacha aseme kwa kinywa chake kwamba ndiye aliyevunja, kisha akampa kazi inayolingana na nguvu zake. Mtoto wa umri huo anaweza kushika ufagio, na akimaliza Jumamosi ya mwisho atapita mbele ya nyumba ile bila kuinamisha kichwa. Wewe unaona fedheha mahali ambapo mimi naona heshima ikirudishwa.

Kuhusu baiskeli, mkono ni miongoni mwa sehemu zinazovunjika mara nyingi kwa watoto, kwa sababu anayeanguka hutanguliza mikono ili ajikinge, na mifupa ya mtoto huunga upesi kuliko ya mtu mzima. Ajali hiyo haithibitishi uzembe wa mtu yeyote. Mama mkwe wako nakubaliana naye nusu tu, kwani wembe wa kweli haupewi mtoto wa miaka 6 hata akilia usiku kucha, lakini baiskeli si wembe. Kucheza ni haki ya mtoto, na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unaitaja waziwazi katika kifungu cha 31.

Hata hivyo, mumeo ana jambo moja la kurekebisha. Siku ya kutoa plasta si siku ya kupanda baiskeli, kwa kuwa mfupa hubaki dhaifu kwa muda, na daktari ndiye atakayesema lini. Nimeshangaa pia kwamba katika barua nzima hamna neno kuhusu helmeti. Sehemu ya ubongo inayopima hatari huendelea kukomaa hadi karibu miaka 25, hivyo uamuzi wa kuvaa helmeti haupaswi kuachiwa mvulana. Akigonga kichwa kisha akatapika, akasinzia kupita kawaida au akachanganyikiwa, mpelekeni hospitali mara moja, hata akisema ni mzima. Na huyo mdogo yuko katika umri wa kuota meno ya kudumu, basi siku likimtoka zima kwa kishindo, lishikeni upande wa kutafunia bila kugusa mzizi, litieni ndani ya maziwa na mmwone daktari wa meno ndani ya saa moja. Jino la utoto halirudishwi. Maarifa ya namna hii yatakutuliza moyo kuliko kufuli la stoo.

Sasa niseme lililonikosesha raha. Mtoto wa kati umemwandikia karibu barua nzima, na mkubwa umempa mstari mmoja wa shukrani kwa sababu hasumbui. Mvulana wa miaka 12 anayeshinda chumbani na simu hajawa mtulivu kwa kuwa haonekani. Hujui anazungumza na nani wala anatazama nini, wala kama amechagua kujifungia baada ya kuona kwamba kila anayetoka nje kwenu huletewa kelele. Huyo ndiye angenikosesha usingizi.

Ndoa nyingi za siku hizi zina serikali mbili ndani ya nyumba moja: mama analipa huku baba hajui, baba anaruhusu huku mama anakataza, na watoto, ambao ni werevu, wanajua waombe ruhusa wapi na waombe msamaha wapi. Kutofautiana si dhambi. Dhambi ni kumgeuza mwenzako adui mbele ya watoto, kisha ukamwandikia Shangazi akusaidie kumshinda.

Zungumza na mumeo watoto wakiwa wamelala. Kubalianeni kuhusu helmeti, mahali pa kuendeshea na ruhusa ya daktari, kisha baiskeli za hao wawili wazima zitoke stoo. Mkubwa apewe kazi ya kumfundisha mdogo kuendesha, simu yake ikiwa imebaki sebuleni. Na zile fedha ulizomlipa jirani, mtajie mumeo kiasi chake wewe mwenyewe.

Shangazi