Laing ya majani ya magimbi: kuwasha koo na tui kukatika ni mambo mawili tofauti

Mkuu, umeandika kwamba ulipika laing, ile mboga ya Wafilipino ya majani ya magimbi kwa tui la nazi, dakika 20 tu, kila aliyeonja akawashwa koo, na juu ya hayo tui likakatika. Hilo la kuwasha ndilo tatizo. Tui kukatika, kwa mboga hii, ndiko kuiva kwenyewe.

Nimefanya kazi Doha miaka kadhaa na kukaa nyumba moja na Wafilipino, baadhi yao watu wa Albay. Albay iko Bicol, kusini mashariki mwa kisiwa cha Luzon, na jikoni kwao hakukauki nazi wala pilipili. Niliyoyashika ni ya jikoni kwao.

Majani ya magimbi yana chembechembe za kalsiamu okzaleti, zenye ncha kama sindano. Hizo ndizo zinazochoma ulimi na koo. Dakika 20 ni za mchicha. Magimbi yanataka saa nzima ya moto mdogo, na mara nyingi zaidi. Ungepika kisamvu kwa dakika 20 ukawapa watoto? Haya nayo yana adabu yake.

Tena wao hutumia majani makavu. Wanayaanika mpaka yavunjike vidoleni, na Ghuba yanauzwa kwa pakiti kwenye maduka ya Kifilipino. Huko uliko yaanike mwenyewe, ukitoa kwanza ule mshipa mnene wa katikati. Paka mafuta mikononi au vaa glavu, maana utomvu wa majani mabichi huwasha hata ngozi. Na tafadhali chukua magimbi ya shambani yanayoliwa, usichume kwenye maua ya bustani yenye majani yanayofanana nayo.

Kwa gramu 100 za majani makavu, weka tui jepesi vikombe 6, tangawizi ya kutosha, saumu, kitunguu na mchaichai. Wao huongeza nyama ya nguruwe na bagoong, uduvi uliochachushwa kwa chumvi. Mimi nguruwe situmii, natia samaki mkavu au wa moshi, na wapo Wafilipino wanaopika hivyohivyo. Uduvi wetu mkavu ukiusaga na chumvi unasogea karibu, ila harufu ile ya bagoong huipati.

Tui likichemka, tandaza majani juu, yasukume chini kwa mwiko yalowe, halafu uweke mwiko mbali. Usikoroge! Wale wa Albay wanashikilia kwamba ukikoroga mapema mboga itawasha, na nimeona mtu akinyang'anywa mwiko kwa sababu hiyo. Mimi nawatii kwa sababu nyingine pia: majani makavu ukiyavuruga kabla hayajalainika yanasagika, unabaki na uji wa kijani.

Majani yakishanywa lile tui lote, mimina tui zito vikombe 2 pamoja na pilipili kichaa, nzima au iliyokatwa kulingana na ubavu wako. Hapo sasa ndipo tunapoachana nao. Sisi kwenye mchicha wa nazi tui zito linaingia mwisho, unalikoroga bila kuacha ili lisikatike, na likikatika mama mkwe anakuangalia. Bicol wanaliacha makusudi lichemke polepole mpaka likatike, mafuta yaelee na mboga ianze kukaanga humohumo. Ikiwa bado na maji maji haijaisha. Mengi ya matui ya kopo yametiwa vitu vya kuyazuia yasikatike, kwa hiyo ukingoja mafuta unaweza kukesha. Unayo nazi na mbuzi ya kukunia? Ikune mwenyewe.

Kabla ya kupakua, onja kidogo sana. Ikiwasha, ongeza tui jepesi urudishe motoni, usidanganyike kwamba ndimu itaficha.

Inaliwa na wali mweupe mtupu, na kesho yake ni tamu zaidi. Kama huna subira ya saa nzima, pika majani ya mlonge na boga kwa tui hilohilo. Wafilipino nao wanapika hivyo, hayawashi, na yanaiva kabla wali haujakauka.