Rimoti ya gari imekufa betri: mlango haufunguki, gari haliwaki

SWALI: Fundi, habari za kazi. Gari langu ni la kubonyeza kitufe, halina pa kuchomeka ufunguo. Wiki nzima dashibodi ilikuwa ikiniletea alama ya betri ya rimoti, nami nikaipuuza. Jana rimoti ikafa moja kwa moja. Gari limefungwa, na rimoti ya akiba anayo mke wangu, yuko safarini. Rafiki ananiambia nikibadilisha betri kumbukumbu itafutika, nitalazimika kulipia programu upya. Nifanyeje? Na je, ingeisha nikiwa barabarani, injini ingezimika?

JIBU: Salama, ndugu yangu. Nianze na hilo la kumbukumbu, maana ndilo linalowatia watu hasara bure: haifutiki. Namba za siri za rimoti zimeandikwa kwenye chipu isiyohitaji umeme ili kuzitunza. Toa betri leo, rudisha mwezi ujao, gari litaitambua. Na injini haizimiki njiani. Gari huitafuta rimoti wakati wa kuwasha. Likishawaka, rimoti ikifa au hata ukiisahau nyumbani, dashibodi italalamika lakini safari itaendelea. Kazi huanza ukizima.

Tuje kwenye mlango. Geuza hiyo rimoti utaona kijilimi au kitufe kidogo pembeni. Kisukume huku ukivuta, utatoka ufunguo wa chuma. Wapo waliokaa na gari miaka 5 bila kujua kwamba upo. Tundu lake liko kwenye kitasa cha mlango wa dereva. Usipoliona, limefichwa nyuma ya kifuniko cha plastiki chenye rangi ya gari. Chungulia upande wake wa chini, mara nyingi pana upenyo wa kupitisha ncha ya ufunguo huohuo ili kukibandua. Tundu ambalo halijaguswa miaka mingi hushika. Likiwa gumu usitumie nguvu, ufunguo huo ni mwembamba, utakukatikia ndani. Uchomeke na kuuchomoa mara kadhaa, weka unga wa grafaiti kama unao, ndipo uzungushe.

King'ora kinaweza kulia mara tu ukifungua kwa chuma, kwa kuwa gari lilifungwa kwa rimoti na linadhani umevunja. Usihangaike nacho. Kitanyamaza likishakutambua, yaani ukiwasha.

Sasa litawakaje na betri imekufa? Hapa ndipo watu huita gari la kuvuta bila sababu. Ndani ya rimoti mna kazi mbili zinazojitegemea. Ya kwanza ndiyo inayokula betri: gari hutuma mawimbi ya masafa ya chini, aghalabu kilohezi 125, yanayofika mita 1 hivi, na rimoti iliyo mfukoni huyasikia na kujibu kwa masafa ya juu, megahezi 315 au 433 kutegemea soko ambalo gari lilitengenezewa. Ili isikie lazima ikae macho usiku na mchana, na ili ijibu lazima iwe na nguvu yake yenyewe. Kazi ya pili ni ya chipu ya imobilaiza, yaani kinga inayozuia injini kuwaka bila rimoti halali, na hiyo haina haja na betri. Ukiisogeza karibu na koili (waya uliozungushwa) iliyofichwa ndani ya gari, koili huipa umeme kupitia hewani, kidogo tu, wa kuiwezesha kutaja namba yake. Gari likiisikia, linaruhusu injini.

Hilo neno "karibu" lichukue kwa uzito. Ni sentimita chache, si urefu wa mkono. Vua rimoti kifuko chake, na iondoe kwenye rundo la funguo nyingine na simu, kwa sababu chuma hukatiza mawimbi hayo.

Mahali pa kuigusisha panatofautiana. Kwenye Toyota nyingi unakanyaga breki, unagusisha ule upande wenye nembo kwenye kitufe cha kuwashia, unasubiri mlio, kisha unabonyeza ndani ya sekunde 10. Kwenye Hyundai na Kia nyingi unakibonyeza kitufe kwa kutumia rimoti yenyewe badala ya kidole. Volkswagen hupendelea ubavu wa nguzo ya usukani, palipochorwa alama ya ufunguo. Baadhi ya Ford zina kishimo cha kuilaza ndani ya kisanduku cha katikati ya viti au mahali pa kuwekea vikombe, na kuna Mercedes-Benz ambazo unachomoa kitufe chenyewe ukakuta nyuma yake tundu la kuchomeka. Kitabu cha gari kinataja mahali hasa. Bahati mbaya kitabu chenyewe hukaa ndani ya gari lililofungwa, basi siku ukiufungua mlango piga picha ukurasa huo.

Ukishaingia, ukikuta dashibodi giza tupu na taa ya ndani haiwaki, acha kuigusisha rimoti. Hapo tatizo limehamia kwenye betri kubwa ya gari.

Kubadilisha ni jambo la dakika 2. Penyeza bisibisi bapa iliyofungwa utepe kwenye mfereji ulioachwa na ule ufunguo wa chuma, rimoti itapasuka nusu mbili. Angalia upande wa chanya umeelekea wapi kabla ya kutoa chochote. Soma namba ya betri na ununue hiyohiyo. CR2032 ina kipenyo cha milimita 20 na unene wa milimita 3.2, CR2025 ina kipenyo kilekile lakini unene ni milimita 2.5. Zote ni volti 3, ndiyo maana wauzaji hukwambia "ni moja tu hizo". Si moja. Ile nyembamba italegea, utaona rimoti inafanya kazi ukiitikisa na inakataa ukitulia.

Betri nyingine siku hizi hupakwa dawa chungu ili mtoto aiteme. Nia ni njema, ila kuna rimoti ambazo tabaka hilo huzuia umeme kupita. Ukifunga betri mpya na bado kimya, jaribu isiyopakwa kabla hujailaumu rimoti. Ile kuukuu usiiache mezani. Mtoto akimeza betri ya ukubwa huo inaweza kukwama kooni na kuunguza ndani ya saa 2, hata kama kwenye rimoti ilishakufa. Akimeza ni hospitali papo hapo.

Kuhusu kipimo: wateja huniletea betri wakisema wameipima imesoma volti 2.9, kwa hiyo ni nzima. Betri hizi zikizeeka huweza kuonyesha namba nzuri zikiwa hazina kazi, kisha rimoti inapotaka kutuma, volti zinaporomoka. Mimi nikiona dalili sipimi, nabadilisha. Dalili ni kuhitaji kusogea karibu zaidi kila wiki, kubonyeza mara mbili kwa kilichokuwa cha mara moja, na ile alama uliyoipuuza.

Na kama yako iliisha mapema, yaani chini ya mwaka, niambie unailaza wapi. Rimoti inayotundikwa ukutani mita moja kutoka gari lilipoegeshwa inaweza kuamshwa na gari usiku kucha. Inayokaa kando ya televisheni au chaja ya simu nayo husumbuliwa na mawimbi. Isogeze mbali. Hata ile aliyosafiri nayo mke wako, akirudi ibadilishie betri pia, maana zote mbili zilianza kazi siku moja.